Nanokristali za selulosi kutoka magugu ya Hombolo: asidi ni dakika 45, maji ni wiki nzima

Anayesoma maelezo ya kutengeneza nanokristali za selulosi hukutana mapema na asidi ya salfuriki ya asilimia 64, na mawazo yake yote huishia hapo. Inaeleweka, maana hiyo asidi ni ya kuogopwa kweli. Lakini kwa anayefanya kazi hii Dodoma, kinachoharibu kazi mara nyingi zaidi ni maji: unyevu uliobaki ndani ya nyuzi, maji magumu ya kisima yaliyotumika kusuuzia, na maji safi yasiyotosha wakati wa daialisisi (kuondoa asidi iliyobaki kupitia utando wenye vitundu vidogo mno). Asidi inakutana na nyuzi kwa dakika 45 hivi. Maji yapo katika kila hatua, kuanzia bwawani mpaka kwenye chupa ya kuhifadhia.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Selulosi kwenye ukuta wa seli ya mmea ni minyororo mirefu iliyolala pamoja. Kuna sehemu minyororo imepangika na kubanana, na kuna sehemu imelegea. Asidi hupenya kwenye sehemu zilizolegea na kukata huko kwanza. Zilizobanana hubaki zikiwa vijiti, ndivyo nanokristali zenyewe, vyenye upana wa nanomita 5 hadi 10 na urefu wa nanomita 100 hadi 300 hivi, ikitegemea mmea na muda wa asidi. Bengt Rånby wa Sweden ndiye aliyeonyesha, kati ya mwaka 1949 na 1951, kwamba asidi ya salfuriki inaweza kuigeuza selulosi kuwa mchanganyiko unaoelea majini bila kutuama. Sababu ni kwamba asidi hiyo haikati tu. Hubandika pia vikundi vya salfeti juu ya vijiti, navyo vikapata chaji hasi na kusukumana. Asidi ya haidrokloriki hukata vizuri, ila haibandiki chaji hiyo, na vijiti vyake hushikana na kuzama.

Hiyo chaji hasi ndiyo roho ya kazi yote. Kalisi na magnesiamu zina chaji chanya mbili kila moja, zinaishika juu ya vijiti na kuvifunga pamoja. Na maji mengi ya visima vya Dodoma ni magumu: sabuni haitoi povu vizuri, na birika hujenga ukoko mweupe. Kwa hiyo maji hayohayo unayochemshia chai yanaweza kukugandisha mchanganyiko ulioutengeneza kwa wiki nzima. Yatumie kwa kuosha matope na kwa kupoozea mitambo, basi.

Mmea gani, na ukatwe vipi

Kanda ya kati inasifika kwa ukame, lakini ardhi oevu zipo. Bwawa la Hombolo limezungukwa na Typha domingensis (yale magugu marefu ya majani bapa yenye suke nene la kahawia) pamoja na matete. Mbuga ya Bahi ina magugu ya jamii ya ndago na matete. Ukishuka kwenye bwawa la Mtera utapata matete pia, pamoja na mamba na viboko, kwa hiyo huko usiingie majini bila mwenyeji.

Kwa anayeanza napendekeza majani ya Typha. Matete yana shina gumu lenye silika nyingi, yanasaga visu vya mashine na yanahitaji kupikwa zaidi. Mafunjo, ukiyapata, tenganisha ganda la nje na kiini cheupe: ganda lina nyuzi nzuri, kiini ni sponji inayonyonya kemikali nyingi na kurudisha kidogo.

Katika Typha, tumia majani tu. Suke lina sufi inayoruka na kuziba machujio. Mzizi una wanga, na wanga huo ukipikwa hugeuka gundi, kisha ukibaki hadi kwenye asidi hutengeneza sukari inayoungua na kuleta rangi ya kahawia. Kata jani sentimita 20 au 30 juu ya usawa wa maji. Mmea huu hupeleka hewa mizizini kupitia majani na mabua yaliyo juu ya maji. Ukiukata chini ya maji unazama na kufa. Mkulima anayetaka kusafisha mfereji hiyo ndiyo njia yake, wewe unataka uchipue tena. Vaa buti ndefu za mpira na glavu, maana maji yaliyotulia ni makazi ya konokono wa kichocho.

Mabwawa ya majitaka ya Swaswa nayo yana mimea ya maji na yako karibu na mji, lakini siyashauri. Mimea inayokua kwenye majitaka hubeba vimelea na inaweza kukusanya metali nzito, na metali hizo zitakufuata mpaka kwenye upaukaji. Kwa Bahi, pima majivu na metali kabla ya kuamua: ni mbuga yenye chumvi ambayo maji yake hayana pa kutokea ila kukauka, na kampuni zimewahi kutafuta urani huko. Mmea hula kilichopo.

Osha matope palepale bwawani, suuza tena kwa maji ya bomba, halafu malizia na maji yaliyokenekwa. Kata vipande vya sentimita 2. Kausha kivulini, ndani ya mifuko ya kitambaa, si juani juu ya turubai: upepo wa Dodoma wa kuanzia Julai hadi Oktoba hubeba vumbi la mchanga, na mchanga ni silika ambayo mizani haitakuambia kwamba si selulosi. Malizia kwenye oveni nyuzijoto 60 kwa saa 24. Saga, chekecha, chukua chembe za kati ya milimita 0.25 na 0.5. Unga laini kuliko hapo hupita kwenye kitambaa cha kuchujia na kumwagika pamoja na maji meusi ya kupikia, kisha unabaki ukijiuliza nusu ya mzigo imekwenda wapi.

Kabla ya chochote choma gramu 2 kwenye tanuri la nyuzi 525 upate kiasi cha majivu. Mbao mara nyingi huwa na chini ya asilimia 1. Majani ya mimea ya majimaji huwa na zaidi ya hapo, mara kadhaa. Namba hii itakueleza baadaye kwa nini upaukaji uligoma.

Kupika kwa kostiki

Lengo ni kuondoa hemiselulosi (minyororo mifupi ya sukari inayozunguka selulosi), sehemu ya ligini (gundi ya mmea inayozishika nyuzi), nta na silika. Kwa gramu 100 za mmea mkavu tumia lita 2 za myeyusho wa kostiki (sodiamu haidroksaidi) wa asilimia 4, yaani gramu 80 kwa jumla. Nyuzi 80, saa 2, ukikoroga. Chuja, suuza, rudia mara mbili zaidi kwa kostiki mpya. Kostiki ya vipande wanayonunua watengeneza sabuni inatosha kabisa kwa hatua hii.

Kamwe usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini kwa kasi na kutoa gesi ya haidrojeni, na chombo hutoboka huku hewa ya chumba ikiwa tayari kulipuka. Tumia chuma kisichoshika kutu au kioo. Chujio la kitambaa cha pamba linafaa hapa, kwa sababu pamba ni selulosi na inavumilia kostiki ya kiasi hiki. Kitambaa hichohicho usikipeleke kwenye asidi baadaye. Kitageuka sehemu ya bidhaa.

Wapo wanaodhani kostiki kali zaidi itaokoa muda. Ukifika asilimia 10 na kuendelea unaanza kubadilisha umbo lenyewe la kristali, kutoka selulosi ya kwanza kwenda ya pili. Kwenye mashine ya eksirei utaona kilele cha pembe ya nyuzi 22.6 kikigawanyika, na kingine kikichomoza karibu na nyuzi 12 na 20. Bidhaa bado ni selulosi, ila si ile uliyokusudia, na vijiti vyake huwa vifupi. Kaa kwenye asilimia 4.

Maji meusi ya mwanzo yana harufu nzito na rangi ya kahawa. Ya mara ya tatu yawe ya manjano hafifu. Kama bado ni meusi, mara nyingi chembe ni kubwa mno au mchanganyiko haukukorogwa. Na jambo dogo la hapa kwetu: Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa nyuzi 80 haijalishi, lakini kipimo cha ligini kinachodai nyuzi 121 kinahitaji otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo), usikifanye kwenye sufuria ya kawaida ukadhani saa moja ni ileile.

Kupausha

Hapa kuna njia mbili, na uchaguzi unategemea kabati lako la kutolea gesi.

Njia ya klorite ndiyo inayoondoa ligini vizuri zaidi. Tengeneza bafa ya asetati (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) kwa gramu 27 za sodiamu haidroksaidi na mililita 75 za asidi ya asetiki isiyo na maji, jaza maji hadi lita 1. Tengeneza pia myeyusho wa sodiamu klorite wa asilimia 1.7. Changanya sawa kwa sawa, weka nyuzi, nyuzijoto 80 kwa saa 4, rudia mara mbili hadi nne mpaka nyuzi ziwe nyeupe. Inatoa klorini dioksaidi, gesi ya njano yenye sumu. Kama kabati lako la gesi lina feni iliyokufa, au ni dirisha tu lililofunguliwa, njia hii achana nayo.

Njia ya pili ni haidrojeni peroksaidi: asilimia 4, pH 11.5 kwa kuongeza kostiki, nyuzi 70, saa 2, mara mbili au tatu. Adui yake ni chuma na manganizi, ambavyo huivunja peroksaidi kabla haijafanya kazi. Dalili ni povu kubwa ndani ya dakika chache, kisha kimya, na nyuzi zinabaki na rangi ya kahawia. Dawa ni kuosha nyuzi kwanza kwa EDTA (kemikali inayoshika metali) ya asilimia 0.5, nyuzi 60 kwa saa moja, kusuuza, na kuongeza magnesiamu salfeti kidogo, asilimia 0.05, kwenye peroksaidi. Nunua peroksaidi ya maabara ya asilimia 30 na uizimue. Ile ya saluni iliyoandikwa 20 ni asilimia 6 na ya 40 ni asilimia 12, lakini nyingi ni krimu yenye mafuta na viungo vingine, haifai.

Peroksaidi huondoa rangi zaidi kuliko inavyoondoa ligini, kwa hiyo nyuzi zitakuwa na weupe wa maziwa mgando, si wa karatasi. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni dawa ya madoa ya nguo: haipoklorite hukata selulosi yenyewe ovyo, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Isiwepo hata kwenye meza.

Suuza kwa maji yaliyokenekwa mpaka pH ya maji yanayotoka ilingane na ya maji yanayoingia. Ukisuuza kwa maji ya bomba, kalisi hushika kwenye nyuzi. Kuna wanaosema asidi itaiondoa kalisi yote baadaye. Kweli sehemu itaondoka, lakini asidi ya salfuriki na kalisi hutengeneza jasi, nayo jasi huyeyuka kidogo sana. Utaiona kama unga mweupe mzito chini ya mirija ya sentrifyuji (mashine ya kutuamisha kwa kuzungusha kwa kasi) na kuihesabu kuwa mavuno.

Kutoka gramu 100 za majani, tarajia gramu 30 hadi 40 za nyuzi nyeupe.

Unyevu ndani ya nyuzi

Hii ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote. Tuseme una gramu 20 za nyuzi kwa uzito mkavu, na mililita 200 za asidi ya asilimia 64. Uzito wa asidi hiyo ni gramu 308, na ndani yake kuna gramu 197 za asidi halisi. Nyuzi zako zikiwa zimekamuliwa tu kwa mkono, zinaweza kuwa na gramu 20 za maji au zaidi. Gawa 197 kwa 328: asidi imeshuka hadi asilimia 60. Kwa asilimia 60 utapata nyuzi zilizolegea, zinazozama, na mchanganyiko mwembamba usiong'aa. Utalaumu mmea, utalaumu duka la kemikali, kumbe ni maji uliyoyaweka mwenyewe.

Kausha nyuzi kwenye oveni nyuzi 45 hadi 50 mpaka uzito usibadilike kwa kupimwa mara mbili mfululizo. Usizipeleke nyuzi 105. Joto hilo hubananisha nyuzi kiasi kwamba asidi hupenya kwa shida. Hewa kavu ya Dodoma inasaidia sana hapa. Nyuzi zilizokaa wazi siku chache wakati wa kiangazi huwa na unyevu mdogo, na hata asilimia 7 ya unyevu ingeiteremsha asidi hadi 63.7 tu, jambo lisilo na madhara. Kisha pitisha nyuzi kwenye blenda zikiwa kavu mpaka ziwe sufi. Bonge moja likiingia kwenye asidi, nje yake huungua wakati ndani bado kukavu.

Asidi

Kwanza karatasi. Kununua na kutunza kemikali hizi kunasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, kwa hiyo maabara iwe imesajiliwa. Asidi ya betri inayouzwa gereji si mbadala. Ina nguvu ya asilimia 33 hadi 37 hivi, na njia pekee ya kuifikisha 64 ni kuichemsha maji yapungue. Usifanye hivyo.

Kupata mililita 200: pima gramu 107 za maji yaliyokenekwa kwenye bika ya kioo kinachovumilia joto, iliyokaa ndani ya beseni la barafu. Ongeza gramu 201 za asidi ya asilimia 98 (mililita 109 hivi) kidogokidogo ukikoroga, asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume. Joto linaweza kupita nyuzi 100 ukiharakisha. Acha ipoe kabisa.

Halafu ihakiki. Pima mililita 10 kwa pipeti kwenye mizani: zikiwa nyuzi 20, ziwe na gramu 15.4. Hakiki baada ya kuzimua, si kabla, kwa sababu densiti ya asidi ya asilimia 95 na ya asilimia 98 karibu ni moja (1.83 na 1.84), hivyo chupa iliyovuta unyevu kwa kuachwa wazi haijulikani kwa kupimwa. Kipimo cha fundi wa betri hakifai. Mizani yake huishia karibu na 1.30.

Vaa miwani iliyofunika pande zote, glavu nene, aproni ya mpira juu ya koti. Koti la pamba ni selulosi, na asidi haijui kutofautisha. Weka ndoo ya maji na kopo la magadi ya kuokea karibu.

Pasha asidi hadi nyuzi 45 kwenye bafu la maji. Mwaga nyuzi kwa awamu ndani ya dakika 5, ukikoroga kwa nguvu. Anza kuhesabu dakika baada ya kijiko cha mwisho. Kwa Typha iliyopaushwa vizuri dakika 45 ni mahali pazuri pa kuanzia. Fanya jaribio dogo la gramu 2 kwa dakika 30, 45 na 60 kabla ya kutumia mzigo wote.

Soma rangi. Mwanzo ni uji mzito mweupe. Baada ya dakika 10 hadi 15 unalegea na kuwa rangi ya pembe za ndovu. Manjano hafifu mwishoni ni sawa. Kahawia kabla ya dakika 20 maana yake ni moja kati ya tatu: joto limepita 50, hemiselulosi au ligini ilibaki nyingi, au asidi imezidi asilimia 65. Ikizidi 66 selulosi huanza kuyeyuka na kugeuka sukari, na mchanganyiko unakuwa angavu kwa kutisha; utakapoongeza maji hutapata chochote cha maana. Ikiwa nyeusi, mwaga kwenye ndoo ya taka na uanze upya, hakuna sonikesheni (mtikiso wa mawimbi ya sauti) itakayoiokoa.

Umeme ukikatika, bafu lenye lita 20 za maji litashika joto muda wa kutosha kumaliza. Bafu dogo la lita 3 halitashika. Koroga kwa fimbo ya kioo na uendelee kutazama kipimajoto.

Muda ukitimia, mwaga kila kitu ndani ya lita 2 za maji baridi yaliyokenekwa, sehemu yake ikiwa barafu iliyotengenezwa kwa maji hayohayo. Barafu ya dukani imegandishwa kwa maji ya bomba.

Kuosha: usimwage kile kilichofuka

Acha ndoo usiku mzima. Katika asidi hii iliyozimuliwa vijiti hushikana na kutuama, na juu yanabaki maji angavu. Yavute kwa mpira, ongeza maji safi, acha yatuame tena. Kutuamisha huku mara mbili au tatu kunaondoa sehemu kubwa ya asidi bila kutumia umeme, na kunapunguza sana maji ya daialisisi. Maabara zenye sentrifyuji nzuri hudharau hatua hii kwa sababu ni ya polepole. Kwa mji ambao maji yaliyokenekwa hupatikana kwa shida, naiona kuwa hatua yenye faida kuliko zote.

Kisha sentrifyuji, mizunguko 4,000 kwa dakika au zaidi, dakika 10. Mara ya kwanza maji ya juu yatakuwa angavu: yamwage. Ongeza maji, rudia. Itafika mahali, mara nyingi safari ya tatu au ya nne, maji ya juu yatafuka kama ukungu na hayatatulia. Hapo acha kumwaga. Huo ukungu ndio nanokristali zenyewe: asidi imepungua, chaji zimeanza kusukumana, vijiti vimeanza kuelea. Mwanafunzi aliyeambiwa "osha mara tano" ataosha mara tano, na mavuno yake yote yataishia kwenye sinki.

Sasa daialisisi. Tumia mirija ya utando yenye kikomo cha kilodaltoni 12 hadi 14 (kipimo cha ukubwa wa molekuli zinazoweza kupita), iliyolowekwa kwanza. Jaza theluthi mbili tu. Maji huingia kwa osmosisi na mrija uliojaa hupasuka usiku. Weka kwenye ndoo ya plastiki ya lita 5 yenye maji yaliyokenekwa, badilisha asubuhi na jioni, siku 4 hadi 7. Siku 5 ni lita 50. Mashine nyingi za kukeneka za kioo hutumia maji ya kupoozea zaidi ya mara kumi ya zinachotoa, kwa hiyo usiyaachie yaende: pipa na pampu ndogo ya kuzungusha yanamaliza tatizo hilo. Maji ya betri ya dukani yanaweza kutumika kwa dharura, lakini pima kila dumu kwa kipimo cha upitishaji umeme. Yakizidi mikrosimensi 5 kwa sentimita, rudisha.

Usiishie kwenye karatasi ya pH. Daialisisi imekwisha pale ambapo maji ya nje, baada ya kukaa saa 12, yana upitishaji umeme uleule uliokuwa nao yalipoingia.

Kutenganisha na kuhakiki

Baada ya daialisisi vijiti vingi bado vimeshikana vichangavichanga. Sonikesheni ya fimbo huvitenganisha. Fanya kwa vipindi vya sekunde chache kuwasha na kuzima, bika ikiwa ndani ya barafu, maana joto hung'oa vikundi vya salfeti. Mchanganyiko wa asilimia 1 hubadilika mbele ya macho: kutoka weupe mzito kwenda buluu hafifu inayopitisha mwanga. Ncha ya fimbo humomonyoa chembe za titani, kwa hiyo pitisha sentrifyuji fupi au chuja mwishoni. Bafu la sonikesheni la kusafishia vifaa ni dhaifu. Litahitaji saa moja au mbili na halifiki mbali.

Kipimo cha bei rahisi ni vipande viwili vya filamu ya polaraizi, hata vya kikokotoo kilichokufa. Vipishanishe mpaka giza liingie, weka chupa ya mchanganyiko katikati, tikisa, angalia kwenye mwanga. Ukiona mawimbi yanayong'aa, vijiti vipo na vimetengana. Giza tupu lina maana mbili: vimeshikana, au mchanganyiko ni mwembamba mno, punguza maji hadi asilimia 1 ndipo uhukumu. Mashine ya kupima chembe kwa kutawanya mwanga ni nzuri kwa kulinganisha mzigo na mzigo, lakini huhesabu kila kijiti kana kwamba ni mpira, hivyo usiandike namba yake kuwa urefu. Chaji ya zeta (kipimo cha nguvu ya vijiti kusukumana) ikiwa hasi zaidi ya milivolti -30, mchanganyiko utadumu bila kutuama.

Mavuno: kausha mililita 10 kwenye nyuzi 105, pima, zidisha. Asilimia 20 hadi 40 ya nyuzi nyeupe ni ya kawaida. Yaani gramu 100 za majani ya Typha hukupa gramu 10 hivi. Anayekuambia amepata 70 muulize kuhusu jasi na nyuzi nzima ambazo hakuzichuja.

Kwa kuhifadhi, badilisha kwanza haidrojeni kwa sodiamu: ongeza kostiki safi ya molari 0.01 tone kwa tone hadi pH 7. Vijiti vilivyoachwa na asidi yake hujikata salfeti polepole, huwa vya kahawia vikipashwa, na vikishakaushwa havirudi majini vizuri. Vya sodiamu hurudi. Weka kwenye friji nyuzi 4, si kwenye frisa, kwa sababu barafu huvisukuma pamoja.

Taka

Mzigo wa gramu 20 huacha gramu 197 za asidi halisi kwenye maji ya kuoshea. Ili kuiua unahitaji gramu 149 za chokaa iliyozimwa kama ni safi. Ya dukani, andaa gramu 200. Nyunyiza kidogokidogo kwenye ndoo ya plastiki ukikoroga, mpaka pH ifike kati ya 6 na 8. Kama inatoa povu jingi, chokaa yako imezeeka na kugeuka kabonati. Bado inafanya kazi, ila tumia ndoo kubwa zaidi. Kinachotuama ni jasi, gramu 350 hivi ikikauka, ileile inayochimbwa Itigi ingawa hii imechafuka. Maji meusi ya kostiki yatumie kwanza kupunguza ukali wa asidi kabla ya chokaa, utaokoa vyote viwili. Ila ligini itajitenga na kuwa tope la kahawia, kwa hiyo chuja. Maji ya klorite usiyachanganye na ndoo hiyo kabisa: yauwe peke yake kwa sodiamu thaiosalfeti, mpaka karatasi ya wanga na iodaidi isibadilike rangi.